Kila nikidaka tunafungwa: je, mimi ni nuksi?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni kipa wa akiba, nina miaka 23. Msimu huu nimedaka mechi 5 na zote tumefungwa. Ya kwanza niliingia dakika ya 34 baada ya kipa namba moja kupewa kadi nyekundu. Mbili zilizofuata nilidaka yeye akitumikia adhabu, na mbili za mwisho nilidaka yeye akiwa ameumia nyonga. Ya tano tulikuwa tunaongoza 1-0. Mtangazaji wa redio akasema, 'Leo kipa huyu hajaruhusu bao.' Hazikupita dakika 2 wakasawazisha kwa kona, na dakika za lala salama wakapata la pili. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Nuksi. Ulianza kama utani. Sasa wapo wawili wasiotaka kunipa mkono kabla ya mechi, na nahodha amemwomba kocha nisikae hata benchi tukiwa na mechi kubwa. Kaka yangu anafanya kazi na wanasiasa. Anasema hata huko wapo watu wa aina yangu, kiongozi akiandamana nao mambo yanamharibikia, na kwamba nitafute mtu wa kunitoa mkosi. Usiku naota mpira ukinipita. Mazoezini nadaka vizuri, lakini siku ya mechi mikono inakuwa kama si yangu. Je, nuksi ipo kweli? Niende nikatolewe mkosi, nihame timu au niache mpira?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, ujue kwamba barua yako sikuichukulia kama kichekesho. Mtu anayenyimwa mkono na wenzake dakika chache kabla ya kuingia uwanjani ameumizwa, hata kama wanaomnyima wanasema wanatania.

Katika barua yako naona mambo mawili yaliyofungwa pamoja, nami nitayatenganisha. Kuna mechi 5 mlizofungwa, na kuna mikono yako inayokuwa si yako. Watu wamekutafutia jina moja la kueleza yote mawili, na wewe umelipokea. Mimi nasema mechi 5 hazihitaji nuksi yoyote ili zielezeke. Mikono ndiyo inayohitaji maelezo, na maelezo yake yanajulikana, na tatizo lake linatibika.

Tuanze na mechi. Ukirusha sarafu mara 5, uwezekano wa kupata mkia mara zote 5 ni 1 kati ya 32. Sasa fikiria ligi ya timu 16, kila timu ina makipa wawili. Jumla ni makipa 32. Hata kama kila mmoja angekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kufungwa kila anaposimama golini, bado tungetarajia mmoja wao apoteze mechi zake 5 za kwanza zote. Hakuna aliyemroga wala aliyemtazama vibaya. Hesabu ndiyo ilivyo: lazima apatikane mtu, na safari hii umepatikana wewe.

Na hapo nimekuhesabia kwa upole, kwa sababu nafasi yako haikuwa nusu kwa nusu. Ulipoingia mara ya kwanza mlikuwa mmebaki watu 10 na zaidi ya nusu ya mchezo ilikuwa bado. Mechi zilizofuata ulisimama nyuma ya mabeki waliozoea sauti ya mtu mwingine. Kipa wa akiba huitwa mambo yakishaharibika: kadi imetoka, mtu ameumia, timu imeyumba. Zimamoto kila wakionekana pana moto, lakini hakuna anayesema wao ndio wanaouleta. Wewe umeitwa penye moto mara 5, watu wakaona uso wako na moshi kwa pamoja, wakaviunganisha.

Kuhusu yule mtangazaji, najua neno lake limekukaa moyoni, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia alivyowahi kuzungumza na wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel. Mmoja wao alishikilia kwamba kusifu kunaharibu: akimsifu mwanafunzi kwa kurusha ndege vizuri sana, mara inayofuata huboronga, akimkaripia aliyeboronga, mara inayofuata hufanya vyema. Alichokiona kilikuwa kweli. Sababu aliyoitoa ndiyo haikuwa kweli. Mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita kawaida yake atarudi kwenye kawaida yake, usifu au unyamaze. Aliyefanya vibaya kupita kawaida naye atarudi juu, ukaripie au umwache.

Ndiyo maana sifa huonekana kama zina mkosi. Hatumsifu mtu siku ya kawaida. Tunamsifu akiwa juu, na kutoka juu hatua inayofuata mara nyingi ni kushuka. Marekani lipo jarida la michezo liitwalo Sports Illustrated, lililoanza mwaka 1954. Aliyewekwa kwenye jalada la toleo la kwanza alikuwa mchezaji wa besiboli, Eddie Mathews, na muda mfupi baadaye akaumia mkono. Ikazuka imani kwamba anayetokea kwenye jalada hilo amekwisha. Imani ikakua hadi mwaka 2002 wahariri wenyewe wakaiandikia habari ndefu na kuweka paka mweusi jaladani. Lakini jarida linamweka jaladani mtu aliye kileleni, na hakuna anayekaa kileleni daima. Na wanaohesabu mikosi hiyo hawamhesabu Michael Jordan, aliyetokea jaladani takriban mara 50 akaendelea kutwaa vikombe.

Mtangazaji wako husema "hajaruhusu bao" kila wiki, kwa makipa wengi. Zikipita dakika 10 bila kitu, nani anakumbuka alisema? Bao likiingia baada ya dakika 2, uwanja mzima unakumbuka mwaka mzima. Kilichoingiza bao lile ni kona. Kona hiyo tutairudia, maana mimi naijali kuliko redio.

Sasa nimjibu kaka yako, na nitamjibu kwa heshima kwa sababu anakupenda. Katika siasa ipo hadithi moja kubwa ya mkosi, na kwa mtazamo wa kwanza inatisha kweli. Marekani, kila rais aliyechaguliwa katika mwaka unaoishia na sifuri, kila baada ya miaka 20, alifia madarakani: aliyechaguliwa 1840, 1860, 1880, 1900, 1920, 1940 na 1960. Marais saba mfululizo, kuanzia William Henry Harrison hadi John F. Kennedy. Watu wakasema ni laana.

Lakini mwangalie mmoja wao kwa karibu. James Garfield, aliyechaguliwa 1880, alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881. Hakufa siku hiyo. Alikufa tarehe 19 Septemba, zaidi ya miezi miwili na nusu baadaye. Katika muda huo madaktari walikuwa wakiingiza vidole na vyombo visivyosafishwa kwenye jeraha kuitafuta risasi. Usaha ukaenea mwilini. Kisha mwangalie Ronald Reagan, aliyechaguliwa 1980, mwaka wa sifuri vilevile. Alipigwa risasi Machi 1981, akafikishwa hospitali haraka, akapasuliwa kwa mikono safi, akamaliza vipindi viwili. Aliyechaguliwa 2000 alimaliza vipindi vyake viwili. Aliyechaguliwa 2020 alimaliza muhula wake akaondoka akiwa hai. Mtu aliyeamini laana hakuwa na sababu ya kuuliza kama daktari amenawa mikono. Hilo ndilo linalonifanya nilichukie neno nuksi: linafunika kitu ambacho kingeweza kurekebishwa.

Kaka yako akikuambia kiongozi fulani alianguka kwa sababu ya mtu aliyeandamana naye, muulize kwa upole: kampeni hiyo ilikuwa na fedha kiasi gani, mgombea alisema nini, mpinzani wake alikuwa nani, na watu walikuwa wameshachoka naye tangu lini? Mara nyingi "mtu mwenye mkosi" ni msaidizi mdogo asiye na wa kumtetea. Wakubwa huwa hawaitwi nuksi.

Kuna kipa mmoja nataka umjue. Anaitwa Moacir Barbosa. Mwaka 1949 alikuwa golini Brazil ilipotwaa ubingwa wa Amerika Kusini. Tarehe 16 Julai 1950, uwanja wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili iwe bingwa wa dunia. Ikatangulia kufunga. Kisha winga wa Uruguay, Alcides Ghiggia, akapita kulia na kumpigia krosi Schiaffino aliyesawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia akapita tena palepale. Wewe ni kipa, utanielewa: Barbosa alikuwa ameshaiona krosi ile mara moja, akaacha nafasi ndogo kwenye mlingoti wake ili aiwahi ya pili. Ghiggia hakupiga krosi. Alipiga golini, kwenye ile nafasi. Uruguay 2, Brazil 1.

Lilikuwa kosa la sekunde moja, kosa ambalo kipa mwenye akili hulifanya kwa sababu anafikiria. Barbosa alilibeba hadi kufa. Mwaka 1993, zaidi ya miaka 40 baadaye, alipotaka kuitembelea kambi ya timu ya taifa alizuiwa, wakiogopa atawatia mkosi wachezaji. Alifariki mwaka 2000, akiwa ameshasema kwamba adhabu kubwa kabisa katika sheria za nchi yake ni miaka 30, lakini yeye ametumikia 50. Hata jezi nyeupe za siku ile zililaumiwa, zikabadilishwa kuwa za njano. Kwa jezi mpya Brazil ikaenda Kombe la Dunia la 1954 na kutolewa na Hungary 4-2. Ilipotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, fainali iliicheza kwa jezi za buluu.

Mwingine hakuwa hata mchezaji. Oktoba 2003, timu ya besiboli ya Chicago Cubs ilikuwa inaongoza 3-0 na imebakiza kidogo sana kuingia fainali ambayo haikuwa imeicheza tangu 1945. Mpira ukapaa ukingoni mwa jukwaa, shabiki mmoja akanyoosha mkono kama walivyofanya wa jirani zake, ukamgusa, na mchezaji wa Cubs akaukosa. Baada ya hapo wapinzani walipata pointi 8 katika ngwe hiyohiyo. Ndani ya ngwe hiyo mchezaji mmoja wa Cubs aliuangusha mpira ambao kwa siku za kawaida angeudaka. Siku iliyofuata walicheza mechi nyingine, wakaongoza tena, wakapoteza tena. Lakini aliyetolewa uwanjani chini ya ulinzi, na polisi wakapelekwa kulinda nyumba yake, ni yule shabiki. Cubs walipotwaa ubingwa mwaka 2016, waliotwaa walikuwa na wachezaji bora zaidi. Mwaka 2017 klabu ikampa shabiki yule pete ya ubingwa. Nimefurahi kwamba walimpa, ila miaka 14 ni mingi.

Nakusimulia haya ili uone kwamba jina ulilopewa limekwishapewa watu wengine, wote waliopewa baada ya matokeo. Hakuna aliyelijua kabla ya mpira kuingia. Na ukiona watu wanataja klabu yenye laana, angalia vizuri. Benfica ya Ureno inasemekana ililaaniwa mwaka 1962 na kocha wake Béla Guttmann, alipoondoka baada ya kunyimwa nyongeza. Tangu hapo imepoteza fainali 8 za Ulaya. Kabla ya fainali ya 1990 iliyochezwa Vienna, Eusébio, aliyekuwa nyota wake wa zamani, alikwenda kwenye kaburi la kocha huyo kuomba, na bado wakafungwa 1-0 na Milan. Inagusa moyo. Lakini fainali ya 1965 waliicheza dhidi ya Inter kwenye uwanja wa Inter, ya 1968 dhidi ya Manchester United jijini London, na mbili zilikwenda kwenye penalti. Na mimi hujiuliza: klabu iliyolaaniwa inafikaje fainali 8?

Sasa tuje kwenye mikono yako, maana hapa siwezi kukuambia hakuna kitu. Kipo.

Kudaka mpira ni jambo ulilolifanya maelfu ya mara hadi likahama kichwani na kukaa mwilini. Unaposhuka ngazi hufikirii goti. Jaribu siku moja kufikiria kila hatua, hili goti, huu unyayo, na utajikwaa. Mtu anayeogopa kuharibu hufanya hivyo hasa: anarudisha kichwani kazi ambayo mwili ulikuwa unaifanya peke yake. Mpira unapigwa, mwili unataka kutoka, kichwa kinauliza "nikikosa je?", na hapo robo ya sekunde imekwenda. Kwa kona, robo ya sekunde ndiyo tofauti ya kuupiga mpira ngumi na kupiga hewa. Ongeza moyo kwenda mbio, mabega kukaza, macho kuuona mpira tu bila kumwona anayekuja pembeni. Mazoezini hayo hayapo, ndiyo maana unadaka vizuri. Uwezo wako haujaenda popote.

Hili limechunguzwa kwenye penalti kuliko mahali pengine. Timu ya taifa ya wanaume ya Uingereza, kati ya 1990 na 2012, ilitolewa kwa penalti mara 6 kwenye Kombe la Dunia na la Ulaya, ikashinda mara 1. Watu wakasema ni mkosi. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, alikaa na mikanda ya video akapima. Aligundua Waingereza ni miongoni mwa wanaokimbilia mpira upesi kabisa baada ya filimbi, chini ya sekunde moja, kama watu wanaotaka adha iishe. Yeye na wenzake waligundua pia kwamba timu zilizopoteza mikwaju iliyotangulia hufanya vibaya zaidi katika inayofuata, hata kwa mchezaji ambaye hakuwapo kabisa siku ile ya kwanza. Tafakari hilo. Mtu anarithi hofu ya kushindwa ambako hakushiriki, kwa sababu tu amevaa jezi hiyo. Laana inapita kwa njia hiyo: masikioni, halafu miguuni.

Walichokifanya Waingereza ni kufanya mazoezi. Kuelekea Kombe la Dunia la 2018, chini ya kocha Gareth Southgate, ambaye mwenyewe alikosa penalti mwaka 1996, walijifunza kusubiri, kuvuta pumzi, na kipa kumkabidhi mpigaji wake mpira mkononi ili asisumbuliwe na wapinzani. Wakaitoa Colombia. Sikudanganyi kwamba hawakupoteza tena: mwaka 2021 walipoteza fainali ya Ulaya kwa penalti mbele ya Italia, kisha 2024 wakaitoa Uswisi bila kukosa hata mkwaju mmoja. Yaani wamekuwa timu ya kawaida, inayoshinda na kushindwa. Nami hicho ndicho ninachokutakia.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hujaliona kwa sababu unalitazama kutoka golini. Niliwahi kukaa nyuma ya goli nikimwangalia kipa ambaye mabeki wake walikuwa hawamwamini. Walikuwa wanarudi nyuma hatua tatu, nne, kumsaidia. Kwa kurudi huko waliwaachia wapinzani nafasi ya kupiga mashuti, na wao wenyewe wakawa ukuta mbele ya macho yake. Mashuti mawili aliyaona yameshafika. Mechi ilipoisha walimtazama kwa huruma, na hawakujua kwamba wao ndio waliompofusha. Jina walilokupa wenzako linaweza kufungisha mabao kwa njia hiyo, bila nguvu za giza zozote.

Basi ufanye nini? Chukua daftari. Keti na kocha wa makipa, au kama hayupo, na mtu yeyote anayeujua mpira na asiyekuchukia, mkapitie kila bao la mechi zile 5. Kwa kila bao andika mpira ulitoka wapi, wewe ulisimama wapi, uliuona lini, nani alikuwa mbele yako, ulipiga kelele ya "Yangu!" au ulinyamaza. Anza na ile kona. Huenda mabao mawili au matatu yakawa yako kweli. Nitafurahi yakiwa yako, kwa sababu kosa lako unaweza kulifanyia mazoezi Jumanne hadi Ijumaa. Nuksi haina mazoezi yake.

Kisha jitengenezee taratibu fupi kabla ya kila mpira uliosimama: pumzi moja ndefu ya kutoa, gusa mlingoti ili ujue ulipo, sema jina la beki wako mmoja kwa sauti. Utaniuliza, hii nayo si ushirikina? Tofauti ipo. Mwaka 1948 mtafiti B. F. Skinner aliwapa njiwa chakula kila baada ya muda fulani, wafanye wasifanye. Njiwa mmoja akawa anazunguka, mwingine anatikisa kichwa, kana kwamba tendo hilo ndilo linaloleta chakula. Ushirikina uko hivyo, unaamini tendo lako linaendesha mambo ya nje. Taratibu yako inaendesha pumzi yako, macho yako na mahali ulipokanyaga, navyo ni vyako. Ukiisahau siku moja, hakuna kilichoharibika. Ukiona umeanza kutetemeka kwa sababu hukugusa mlingoti, punguza.

Kuhusu kutolewa mkosi: kama una imani ya dini, sali, nami siwezi kukuzuia kitu kinachokupa utulivu. Lakini kwenda kwa mtu anayedai malipo ili akutoe nuksi, nakusihi usiende. Siku unayokwenda umekiri kwamba unayo. Mkishinda, utamtegemea yeye. Mkifungwa, atasema haijatoka yote, rudi. Na wengi wao hukutajia mtu aliyekutendea, na hapo unaingia vita na mwenzako au ndugu yako kwa bao lililotokana na kona.

Zungumza na kocha, mkiwa wawili, baada ya mazoezi. Usilalamike sana. Mwambie: "Kocha, sikuombi unipange. Naomba jina hili lisitumike kambini, na nikikaa nje niambiwe sababu ya mpira." Kocha mzuri ataelewa kwamba kipa wa akiba aliyevunjika moyo ni hatari kwa timu nzima, maana kipa wa kwanza ataumia tena siku yoyote. Nahodha naye mwone, ila baada ya kocha. Wale wawili wasiokupa mkono, wewe endelea kuwanyooshea wako. Mmoja akiupokea, mwingine atajikuta peke yake.

Kuhama? Si aibu, na wakati mwingine ni dawa. Ila usihame kabla ya kupitia mabao yako, kwa sababu tatizo la kona utalibeba kwenye begi, na wa huko wakisikia habari za nyuma jina litakufuata. Jipe nusu msimu. Kama kocha amekaa kimya na kejeli zinaendelea, ondoka, nami nitakuunga mkono. Kuacha mpira kabisa kwa ajili ya mechi 5 siwezi kukushauri. Ungeniambia hupendi tena kudaka, ningesema mengine. Barua yako haisemi hivyo.

Lakini sikiliza hili vizuri. Ndoto za mpira kukupita ni za kawaida kwa kipa mwenye mawazo. Zikikunyima usingizi zaidi ya wiki 2, ukawa hutaki kula, unatapika kabla ya mechi, umeanza kunywa ili ulale, au unajitenga na watu unaowapenda, nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia, ukae naye ana kwa ana. Barua hazitoshi hapo. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri kesho. Mwambie kaka yako usiku huohuo akupeleke hospitali. Na mtu akikutishia kukupiga kwa sababu ya matokeo, hilo limeshatoka kwenye utani, kaliripoti polisi na kwa viongozi wa klabu kwa maandishi.

Anza na daftari wiki hii. Ukishadaka mechi nyingine 3, niandikie uniambie ulisimama wapi kwenye kila kona, hata kama zote mmefungwa.